Wasichana wa Nchi ya Dhahabu Nao Wapewe Uwanja

Hadi kufika mwaka wa 2025, taifa letu lilikuwa limepeleka timu ya wanawake mara mbili katika mashindano makubwa ya kandanda ya Afrika, na mara zote mbili timu hiyo ilirudi ikiwa ya mwisho katika kundi lake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 2010, kule Afrika Kusini, ambako Twiga Stars waliwekwa kundi moja na wenyeji, pamoja na Nigeria na Mali. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa Julai, 2025, kule Moroko, ambako waliwekwa na Afrika Kusini, na Ghana, na Mali tena. Baina ya safari hizo mbili ipo miaka 15. Mtoto wa kike aliyezaliwa siku zile Twiga Stars walipokuwa Afrika Kusini alikuwa amekwisha kuwa msichana wa sekondari walipokwenda Moroko. Na kama alizaliwa Kahama, au Bukombe, au Nzera, yumkini alifika umri huo pasipo kuona hata siku moja mpira ukichezwa na wanawake katika uwanja wa kijiji chake.

Ni desturi yetu, timu ikishindwa, kumlaumu mwalimu, au mwamuzi, au hali ya hewa ya ugenini. Gazeti hili halina nia ya kujiunga na kelele hizo. Twapenda msomaji atazame pamoja nasi jambo moja lililo wazi katika hesabu za makundi yale, ambalo yaonekana wengi wamelipita bila kulitazama. Jambo hilo ni Mali.

Mwaka wa 2010 Mali walitushinda kwa magoli 3 kwa 2. Mwaka wa 2025 walitushinda kwa goli 1 kwa bila. Goli moja mara ya kwanza, na goli moja mara ya pili. Tena Mali si nchi yenye watu wengi kutuzidi. Hesabu ya watu wao haifiki nusu ya hesabu yetu. Basi kule Moroko, michezo ya kundi ilipokwisha, Afrika Kusini walikuwa na pointi 7, Ghana pointi 4, Mali pointi 4, na sisi pointi 1. Kanuni ya mashindano yale ilisema ya kuwa timu mbili za juu za kila kundi zingeendelea mbele, na pamoja nazo timu mbili zilizo bora miongoni mwa zile za nafasi ya tatu. Mali, wa tatu katika kundi letu, wakaenda robo fainali. Lau siku ile ya kwanza wasichana wetu ndio wangalifunga lile goli moja, wao wangalikuwa na pointi 4, na Mali pointi 1, na wao ndio wangaliendelea mbele, na Mali wangalifunga mizigo.

Na isidhaniwe ya kuwa timu ile ilikuwa dhaifu. Siku nne baada ya kufungwa na Mali walikutana na Afrika Kusini, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa Afrika. Opa Clement alifunga katika kipindi cha kwanza, na mabingwa wale wakahangaika hadi kipindi cha pili ndipo waliposawazisha. Ni katika mchezo wa mwisho tu, walipofungwa na Ghana magoli 4 kwa 1, ndipo walipoonekana kuchoka na kuzidiwa kabisa.

Goli moja hutoka wapi? Wako wanaofikiri ya kuwa hutoka kambini Dar es Salaam, katika majuma machache ya mazoezi kabla ya kupanda ndege. Sisi hatuamini hivyo. Kambi humnoa mchezaji aliyekwisha kuwa mchezaji. Haimfanyi mchezaji mtu aliyeanza kuugusa mpira akiwa na umri wa miaka 16. Mvulana wa Kitanzania huanza kupiga mpira wa matambara tangu hajaota meno ya pili, na kati ya maelfu kwa maelfu ya wavulana hao ndimo wanamochaguliwa 11. Msichana huchaguliwa kati ya wachache, na wachache hao wengi wao walianza wakiwa wamechelewa. Mwalimu wa timu ya taifa, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuchagua wasichana ambao hawakupata kucheza.

Ya kuwa uwezo upo, hilo halina ubishi tena tangu mwezi wa Oktoba, 2022. Mwaka ule wasichana wetu wa umri usiozidi miaka 17, Serengeti Girls, baada ya kuwatoa Cameroon, walikwenda India kucheza Kombe la Dunia. Haikupata kutokea kabla ya hapo timu yo yote ya kandanda ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, kufika katika Kombe la Dunia. Wakapangwa na Japani, Ufaransa na Kanada. Japani wakawafunga magoli 4 kwa bila, na hapa nyumbani wako waliokwisha kuzima redio zao wakisema mambo yamekwisha. Siku tatu baadaye wasichana wale wale wakaifunga Ufaransa magoli 2 kwa 1! Kisha wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia waliwasimamisha kwa magoli 3. Ufaransa ni nchi yenye vyuo vya kandanda vya wasichana, na waganga wa michezo, na viwanja vya majani mabichi katika kila mji. Watoto wetu waliishinda nchi hiyo. Basi fikiri, ndugu msomaji, wangalifanya nini kama wangalitoka katika kundi kubwa zaidi la watoto waliokwisha kufundishwa tangu darasa la tatu.

Sasa twageuza macho Shinyanga na Geita, na tunayo sababu ya kuchagua sehemu hiyo ya nchi. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2022, mkoa wa Geita ulikuwa na watu 2,977,608, na mkoa wa Shinyanga watu 2,241,299. Jumla yao yapita milioni 5. Kama ungetafuta mahali pa kuongeza idadi ya wasichana wachezaji katika nchi hii, ungeona ya kuwa mikoa hii miwili inao wasichana tele. Tena ni nchi ambayo watu wake hawahitaji kufundishwa maana ya mashindano. Ngoma za Bagalu na Bagika zimekuwa zikishindana tangu zamani za mababu, kila upande na wafuasi wake, na dawa zake, na mbinu zake za kuwavuta watazamaji, mpaka uwanja wa upande mmoja ubaki mtupu. Mtu aliyepata kuona mashindano hayo baada ya mavuno hawezi kusema ya kuwa Wasukuma ni watu wapole mno kwa michezo ya kushindana.

Na kuna fedha. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka wa 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka wa 2000, Bulyanhulu mwaka wa 2001, na Buzwagi ulifanya kazi tangu mwaka wa 2009 hadi ulipofungwa mwaka wa 2021. Fedha za migodi hiyo zimekwisha kuingia katika kandanda mara nyingi, nasi hatukatai kuwa zilileta furaha. Mwadui walikuwa na timu ya jina kubwa. Mwaka wa 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu na Buzwagi, ilijitolea kuisaidia Stand United ya Shinyanga. Mwaka uliofuata ikajitoa, kwa kuwa wenye klabu walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe nani ndiye mwenye timu. Geita Gold walipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, wakamaliza wakiwa wa nne, na mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa magoli 17. Msimu uliofuata timu hiyo ilicheza mashindano ya Afrika. Mwaka wa 2024 ikashuka daraja. (Hatuwacheki watu wa Geita, kupanda na kushuka ndiyo kandanda yenyewe.)

Lakini tazama mahali timu hiyo ya wanaume ilipochezea michezo yake ya nyumbani. Ilichezea katika uwanja wa Nyankumbu, na Nyankumbu ni shule ya sekondari ya wasichana! Mashabiki wakajaa, magari ya televisheni yakaja, vigogo wa soka kutoka Dar es Salaam wakaketi jukwaani, na uwanja ni wa shule ya wasichana. Hatusemi ya kuwa lilikuwa kosa kuutumia uwanja huo. Mji ulihitaji uwanja, na shule ikautoa. Twauliza tu kama deni hilo limepata kulipwa. Msimu wa 2023/24 mji huo ulikuwa pia na timu ya wanawake katika Ligi Kuu, yaani Geita Gold Queens. Wangapi kati ya wale waliokuwa wakiijaza Nyankumbu siku ya Simba au Yanga walipata kwenda kuwatazama wasichana hao?

Tusijidanganye; kikwazo kikubwa hakiko uwanjani. Mtembelee msichana wa miaka 12 katika kijiji kilicho karibu na machimbo, saa kumi za jioni. Kaka yake amekwisha kutupa daftari kitandani na kukimbilia mpirani. Yeye ana ndoo kichwani. Akirudi kisimani kuna jungu la kupika na mdogo wake wa kubeba, na jua limekuchwa. Katika vijiji vingine kazi ni nzito kuliko hiyo. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya watoto wafanyao kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya, watoto wanaochimba, wanaobeba mifuko ya mawe, na wanaochanganya dhahabu na zebaki kwa mikono yao mitupu. Miaka imepita tangu hapo, na sheria zipo. Lakini ye yote anayejua sehemu zile anajua pia ni akina nani hasa wanaoketi juani mchana kutwa, wakiponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kwenye makarasha. Ni akina mama na binti zao.

Kwa hiyo twastaajabu sana tunapomsikia mzee akisema ya kuwa kandanda ni kazi ngumu isiyofaa mwili wa mwanamke. Mwili huo huo umelima pamba tangu alfajiri. Mwili huo huo umeponda mawe, umebeba maji, na umebeba kuni kutoka porini kwenda nyumbani. Hakuna mzee aliyesimama siku hizo zote kusema ya kuwa kazi hizo ni nzito mno kwa mwanamke. Udhaifu wake huonekana siku anapotaka kucheza tu.

Liko tena jambo la ndoa, ambalo ni lazima kulisema hadharani hata kama litawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2010 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wa Shinyanga, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa ulioupita. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, ilitamka ya kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Na mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu hiyo. Sisi si wanasheria. Twatazama umri tu. Serengeti Girls walioifunga Ufaransa walikuwa na umri usiozidi miaka 17. Katika sehemu kubwa ya nchi ya Shinyanga, msichana wa umri huo anaulizwa kama ng'ombe wa mahari yake wamekwisha kuhesabiwa. Mali hawana haja ya kutufunga wasichana hao. Tumekwisha kuwatoa uwanjani sisi wenyewe.

Baba mmoja atatujibu: je, mpira utamlisha binti yangu? Ni swali la haki, nasi hatutamdanganya. Wengi wa wanaocheza hawatapata kitu kikubwa, kama vile wavulana wengi wanaocheza wasivyopata. Walakini Aisha Masaka alikwenda Sweden mwaka wa 2022 kuichezea BK Häcken, na mwaka wa 2024 akachukuliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga aliajiriwa na Al-Nassr ya Saudi Arabia mwaka wa 2023. Mshahara wa kazi kama hizo hununua ng'ombe wengi, na mwenye kuwanunua ni binti mwenyewe. Na hata yule ambaye hatakwenda kokote, akicheza hadi kidato cha nne, amebaki shuleni hadi kidato cha nne. Kwa maoni yetu faida hiyo peke yake yatosha.

Jibu jingine, ambalo hutoka kwa wakubwa wa halmashauri, ni ya kuwa fedha hakuna, na ya kuwa madawati na zahanati hutangulia michezo. Kwa wilaya maskini tungelikubali haraka. Kwa halmashauri zenye migodi hatukubali. Halmashauri hizo hupokea ushuru wa huduma, ambao hutokana na mauzo ya mgodi. Zaidi ya hayo, tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2017, kila mwaka mwenye mgodi hana budi kuandaa mpango wa kuwasaidia wananchi wanaouzunguka, na mpango huo ni lazima ukubaliwe na halmashauri ya mahali hapo. Maana yake ni ya kuwa kampuni haiwezi tena kuamua peke yake kama itajenga darasa au itanunua jezi. Diwani ana sauti katika jambo hilo. Akinyamaza, asije baadaye akailaumu kampuni.

Hatuombi mambo makubwa. Hatuombi uwanja wa viti elfu thelathini. Msichana wa darasa la nne ahitaji kiwanja kilichofyekwa, mpira ulio mzima, viatu, na mwalimu aliyekwenda kusomea kandanda ya watoto, ikiwezekana mwalimu mwanamke, ambaye wazazi watamwamini na ambaye msichana hataona haya kumweleza haja zake za kike. Ahitaji pia maji yawe karibu. Twalitaja la maji kwa makusudi, kwa maana kisima kinachochimbwa karibu na nyumba humpa msichana saa mbili za jioni, na saa mbili hizo ndizo timu nzima. Fedha za mgodi zinazochimba kisima zaweza kuwa zimefanya kazi ya michezo bila wenyewe kujua.

Kisha michezo ya shule. UMITASHUMTA na UMISSETA ni mahali ambapo wavulana wengi walionekana kwa mara ya kwanza. Tungependa kila shule inayopeleka timu ya wavulana iulizwe iko wapi timu ya wasichana, na isiruhusiwe kujibu kwa kuokota wasichana 11 siku mbili kabla ya mashindano ili tu orodha ijae. Mwanza, mwendo wa saa chache kutoka Geita na Shinyanga, kuna shule za Alliance, ambazo zimejenga kituo cha kandanda na kuwa na timu ya wasichana iliyodumu katika Ligi Kuu ya Wanawake. Kama shule zaweza kufanya hivyo Mwanza, mji wa Kahama wenye biashara yote ile hauna udhuru.

Na kwa kuwa tumewasema wengine, yatupasa kuwa wakweli na nyumbani kwetu pia. Uwanja wa Kambarage, mjini Shinyanga, ni mali ya Chama. Viwanja vya namna hiyo vilijengwa katika miji mingi kwa nguvu na michango ya wananchi, na kati ya wananchi hao walikuwamo akina mama waliobeba mawe na mchanga kama wanaume. Uwanja huo hautumiwi kila siku. Twaona ni haki wasimamizi wake watenge jioni mbili za kila juma kwa ajili ya timu za wasichana wa mji na wa shule za jirani, bila ada, na tangazo libandikwe langoni ili kila mzazi alisome. Jambo hilo halihitaji bajeti wala mgeni wa heshima. Lahitaji ufunguo tu.

Mwezi wa Oktoba, 2025, Twiga Stars waliitoa Ethiopia, wakajipatia nafasi katika mashindano ya Afrika ya mwaka wa 2026, ambayo ndiyo yaliyowekwa kuwa njia ya timu za Afrika kwenda Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil. Twawapongeza kwa moyo wote. Wameiondoa aibu ya kungoja miaka 15 kati ya safari moja na nyingine. Lakini kundi lo lote watakaloingia mwaka huo na miaka mingine ijayo, watakutana na Mali, au na taifa lililo kama Mali, nchi isiyotuzidi kwa watu, iliyotuzidi kwa goli moja. Mchezaji wa kulifunga goli hilo huenda leo ana miaka 9, naye yuko Nyarugusu, au Msalala, au Ushirombo, na jioni hii amebeba ndoo.

Baraza la madiwani litakapoketi kuupitia mpango wa mgodi wa mwaka ujao, fungu la michezo litasomwa, nalo aghalabu husomwa haraka haraka, karibu na saa ya chakula. Diwani mmoja na asimame hapo aulize ni shilingi ngapi kati ya hizo zitawafikia wasichana, na katika vijiji gani. Na jibu atakalopewa liandikwe katika kumbukumbu za kikao.